Kumfuata Sangara: Kutoka Kirumba hadi Rubondo

Kama unaishi Ujerumani huenda umewahi kumwona amelala juu ya barafu dukani, ameandikwa Viktoriabarsch. Uholanzi wanamwita Victoriabaars, Ufaransa perche du Nil. Ni minofu myeupe isiyo na mwiba, isiyo na ngozi wala kichwa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunamwita sangara. Majirani zetu wa Kenya wanamwita mbuta, na Waganda wanamwita mputa.

Watoto wangu wawili, waliozaliwa na kukulia Uingereza, walimjua kwa sura hiyo ya minofu tu. Desemba iliyopita tulipokwenda nyumbani niliamua tumfuate sangara kwa siku sita: tuanzie soko la Kirumba jijini Mwanza, twende hadi Kisiwa cha Rubondo, kisha tumalizie kwa mjomba wangu ambaye amevua tangu ujana wake. Ninaiandika safari hii kwa familia zinazopanga kwenda likizo upande ule. Ninaiandika pia kwa sababu ya jambo ambalo wengi wetu tulio nje hukutana nalo kwenye simu, nalo ni ombi la fedha za nyavu.

Asubuhi ya Kirumba

Mwaloni Kirumba ni mahali pa kwenda mapema, kabla jua halijachoma. Harufu inakupokea kabla hujaliona soko. Dagaa wamerundikwa kama vichuguu, magunia yanashonwa, wapagazi wanapiga kelele upishe. Upande mmoja utawakuta sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa, wamepangwa kama mbao. Hao ndio kayabo. Wanunuzi wake wengi wanatoka mbali, na ukisimama kidogo utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Kigali katika foleni moja. Wakongo huwaita samaki wa chumvi makayabo, na neno hilo limesafiri nao hadi kwenye maduka yao ya Brussels.

Shangazi yangu ameuza kayabo hapo kwa miaka mingi. Aliwasalimia wanangu "Mwangaluka!" kwa Kisukuma, akacheka walipomjibu "Shikamoo bibi", kisha akawapeleka kwa jirani yake aliyekuwa na sangara mbichi mzima, ametoka majini usiku ule. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alichuchumaa akatazama lile domo. Sangara ana mgongo uliopinda juu, taya la chini limetokeza mbele, na jicho linalong'aa kwenye mwanga kama la paka. Yule wa Kirumba alikuwa wa kilo nane hivi. Watoto walimwona mkubwa mno. Shangazi akawaambia, "Huyu ni mtoto. Mama yenu alipokuwa mdogo, watu wawili walimbeba sangara mmoja kwa mti begani, na mkia ukaburuzwa chini."

Hakuwa anatia chumvi. Sangara anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200. Lakini siku hizi, ukikaa mwaloni asubuhi nzima, wale wa kubebwa na watu wawili hutawaona.

Aliletwa, hakuzaliwa hapa

Jambo lililowashangaza wanangu kuliko ukubwa wake ni kwamba sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Kwao ni mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, Ziwa Albert, Ziwa Turkana na mito mingi ya Afrika Magharibi. Aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za mwisho za utawala wa Mwingereza. Maofisa waliotaka aletwe walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa chakula: ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wenye miiba ambao wazungu waliwaona hawana faida, na sangara angewala furu na kuwageuza nyama nyingi. Ya pili ilikuwa mchezo, kwani sangara ni samaki wa kupigana naye kwa fimbo na ndoana.

Si wote waliokubali. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga mpango huo na kuonya juu ya kumleta mla samaki mkubwa namna hiyo kwenye ziwa lisilomjua. Hakusikilizwa.

Kwa miaka ishirini hivi sangara alikuwa kimya. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya na katikati ya miaka ya 1980 katika Ghuba ya Mwanza, akaongezeka ghafla. Watafiti Waholanzi na Watanzania waliokuwa wakihesabu furu katika ghuba hiyo waliona hesabu yao ikiyeyuka mwaka hadi mwaka. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na inakadiriwa kwamba takriban 200 zilitoweka. Sangara hakuwa peke yake katika kosa hilo, maana maji nayo yalichafuka na kupungukiwa hewa kwa sababu ya mbolea, udongo na taka kutoka nchi kavu. Lakini mdomo wake ulifanya kazi kubwa. Habari njema ni kwamba baadhi ya furu wamerudi, na wavuvi wenyewe watakuambia hivyo.

Ninalitaja hili kwa sababu ya kazi yangu ya uuguzi. Furu na dagaa huliwa wazima, na kichwa, na mifupa. Ndani yake mtoto anapata madini ya chokaa, chuma, zinki na vitamini A. Mnofu wa sangara una protini nzuri sana, lakini mifupa haumo. Kwa hiyo furu walipopungua, mama wa kijijini alipoteza zaidi ya kitoweo. Ndiyo maana, ukiwa kule, usiwape watoto wako minofu ya hotelini tu. Wapikie dagaa, wanunulie sato mzima, waonje na furu wakipatikana.

Minofu huenda, mgongo hubaki

Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata samaki vilisimama Mwanza, Musoma na Bukoba. Sangara aliingia mzima mlango huu, minofu ikatoka mlango ule ikiwa kwenye maboksi, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, ambavyo Mwanza tuliviita mapanki na wenzetu wa Kisumu wakaviita mgongo wazi. Nilikua nikila mapanki ya kukaanga, na sikujiona maskini. Nyama ya shavu la sangara, wanaoijua wanajua, ni tamu kuliko mnofu wowote.

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ikaionyesha Mwanza kama mahali ambapo Ulaya inakula samaki na wenyeji wanabaki na mifupa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba inaichafua nchi. Nyumbani kwetu mjadala ulikuwa mkali. Baba alisema filamu imetudhalilisha. Mama alimuuliza, "Kwani kilo ya minofu umeinunua lini mara ya mwisho?" Mpaka leo naona wote wawili walikuwa na haki. Viwanda vilileta ajira, vikasomesha watoto na kujenga nyumba za bati hadi visiwani. Vilevile vilipandisha bei ya samaki mpaka mvuvi mwenyewe akawa anauza sangara ili anunue dagaa.

Siku hizi kuna biashara nyingine ndani ya tumbo la samaki huyohuyo. Sangara ana mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, unaitwa bondo. Mabondo hukaushwa na kusafirishwa hadi China na Hong Kong, ambako huliwa kama chakula cha heshima. Kwa uzito, bondo lina bei kuliko mnofu, na bondo kubwa lina bei kuliko bondo dogo. Shangazi alinionyesha moja mkononi, la rangi ya asali, gumu kama pembe. "Zamani tulikuwa tunawatupia kunguru," alisema.

Darajani, kisha kisiwani

Kutoka Mwanza tulielekea magharibi kwa gari. Wale mnaokumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, magari yamepanga mstari, wauza mahindi wanagonga vioo, mgonjwa yuko ndani ya gari la hospitali akisubiri kivuko kirudi, mtafurahi kusikia kwamba hayo yamekwisha. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilometa 3 hivi na tulilivuka kwa dakika chache. Mjomba wa dereva wetu alikuwa akiuza mahindi kwenye foleni ile na sasa amehamia mjini kutafuta riziki nyingine, kwa hiyo hata daraja lina upande wake wa pili. Tulipita Sengerema, Geita na Katoro, tukafika Chato, na kutoka Kasenda boti ya hifadhi ikatuvusha hadi Rubondo.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Ni kisiwa cha msitu mnene, chenye nzohe wanaotembea kwenye mafunjo, fisi maji, mamba, viboko, na kwazi wengi wanaolia juu ya maji tangu alfajiri. Simba hakuna. Sokwe wapo, na wao pia ni wa kuletwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Mjerumani Bernhard Grzimek aliwaleta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachwa msituni wajifunze tena kuishi, na wakaweza. Binti yangu alilipenda jambo hilo kuliko yote. Alisema sokwe hao walirudi Afrika bila kujua lugha, kama yeye.

Maji yanayokizunguka kisiwa ni sehemu ya hifadhi, na uvuvi wa biashara humo hauruhusiwi. Humo samaki huzaliana kwa amani. Lakini mgeni mwenye leseni anaruhusiwa kuvua kwa mchezo. Tulipanda boti na mwongozaji pamoja na mtalii mmoja mwanamume aliyekuja na fimbo zake. Boti ilikwenda polepole kando ya mawe, nyuma yake ikivuta chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo. Saa nzima hapakuwa na kitu. Kisha fimbo ikapinda, kamba ikalia, na sangara akaruka nje ya maji akitikisa kichwa kama mtu anayekataa jambo. Alipigana kwa dakika kumi na tano hivi. Walipompandisha kwenye wavu alikadiriwa kuwa wa kilo 25. Wakampiga picha haraka, wakamshikilia kando ya boti mpaka akapata nguvu, wakamwachia.

Mwanangu aliuliza kwa nini wanamtupa. Mwongozaji alimjibu kwa upole: "Huyu mkubwa namna hii mara nyingi ni jike, mwanangu. Jike la sangara huchelewa kupevuka kuliko dume. Likishapevuka hutaga mayai kwa mamilioni. Tukilila leo tumekula na watoto wake." Akaeleza pia kwa nini hawapendi kumvuta samaki kutoka kina kirefu. Akipandishwa kwa ghafla, bondo lake hujaa hewa, naye hawezi kuzama tena hata ukimwachia.

Nilikaa nikamtazama yule mtalii akifuta mikono, amefurahi. Simlaumu. Fedha yake inalipa walinzi wa maji yale. Lakini niliwaza kwamba kwenye ziwa moja kuna mtu anayelipa ili amshike sangara na kumwachia, na kilometa chache tu kutoka hapo yuko mwingine ambaye akimwachia sangara mdogo, mtoto wake harudi shuleni Januari.

Kwa mjomba

Mtu huyo wa pili ninaye katika ukoo. Mjomba wangu anaishi kwenye mwalo mmoja upande wa Sengerema. Miguu haimruhusu tena kuingia majini, na mtumbwi sasa unaendeshwa na mwanawe. Ndiye aliyenipigia simu mwezi Oktoba akiomba fedha za nyavu mpya. Nilimwambia tutazungumza nikija.

Tulikaa chini ya mwembe, mimi na wao, tukila supu ya kichwa cha sangara na ugali wa muhogo. Nikamuuliza binamu yangu anataka nyavu za namna gani. Hakunificha. "Dada, wavu halali wa sangara una macho ya inchi 6. Huo naweza kuutega usiku kucha nikarudi na samaki wawili, na petroli imeisha. Mwenzangu ana timba. Yeye anarudi na ndoo imejaa."

Timba ni nyavu za uzi mmoja wa plastiki, laini, zisizoonekana majini. Zimepigwa marufuku, kama yalivyopigwa marufuku makokoro yanayokokotwa ufukweni na kuzoa hata mayai. Sheria inakataza pia kumvua sangara aliye chini ya sentimeta 50. Mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zikachomwa moto hadharani mwalo baada ya mwalo, na wengine waliobaki na madeni ya nyavu hizo mpaka leo hawajasimama. Binamu yangu aliyajua yote hayo kuliko mimi. "Sheria naijua," alisema. "Nisichokijua ni ada ya watoto watatu."

Mjomba alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Sisi tulimkuta sangara mwingi tukadhani ni wa milele. Furu nao tuliwakuta wengi tukadhani hivyohivyo." Akamgeukia mwanawe. "Ukitega timba utakula mwaka huu. Mimi sitakuzuia, maana sina cha kukupa. Lakini usinunue kwa fedha ya dada yako."

Ningeweza kutoa hotuba pale. Mshahara wangu unaingia kila mwezi hata ziwa likikauka, na mtu wa namna hiyo akimhubiria mvuvi juu ya mazingira, anasikilizwa kwa adabu tu. Kwa hiyo tulipiga hesabu badala ya kuhubiriana. Tukaona kinachomsukuma binamu kwenye timba ni mwezi wa Januari: ada, sare na madaftari vyote huja pamoja, wakati samaki ni wachache. Tukakubaliana kwamba nitanunua nyavu za inchi 6 na migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na ada ya muhula wa kwanza nitailipa mimi moja kwa moja shuleni. Yeye atalipa ya muhula wa pili. Makubaliano hayo yalifanyika mbele ya mjomba na mke wa binamu, na mke ndiye aliyeandika kwenye daftari.

Sijui kama inatosha. Wenye timba bado wako jirani yake, na samaki anayemwacha leo anaweza kuingia kwenye wavu wa mwingine kesho. Viwanda kadhaa vya Mwanza vimefungwa au havipati samaki wa kutosha. Lakini wengi wa wanaotega kwenye mialo ile wana ndugu nje, Muscat, London au Minneapolis, na nyavu nyingi hununuliwa kwa fedha tunazotuma. Basi ukiombwa, uliza macho ya wavu ni inchi ngapi, na uliza ni kitu gani kinabana nyumbani mpaka wavu mdogo utakiwe. Swali la pili ndilo gumu, na mara nyingi ndilo la kulipia.

Kama mnapanga kwenda

Nendeni Kirumba na mtu anayepajua, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Rubondo panahitaji mipango mapema, na ada hutegemea uraia ulioandikwa kwenye pasipoti, hivyo familia yenye pasipoti mchanganyiko itegemee bei mchanganyiko. Leseni ya kuvua hulipiwa peke yake. Kwenye boti yoyote, iwe ya hifadhi au mtumbwi wa binamu, kila mtoto avae jaketi okozi, hata wenyeji wakicheka.

Neno la muuguzi: ufukwe wa ziwa una kichocho. Msiwaache watoto wacheze kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Wakiingia, mwambieni daktari wenu huko mnakoishi, nao wapimwe baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kinatibika kwa vidonge kikigunduliwa. Dawa ya kukinga malaria ianzwe kabla ya safari kama mtakavyoelekezwa.

Wiki iliyopita binamu alinitumia picha. Kwenye migonzo mipya wamepata sangara wanne, mkubwa wao kilo 14. Chini yake mke wake ameandika kwamba petroli imelipwa, daftari linaendelea, na mjomba amekula kichwa.